Jinsi ya Kupeleka Chama cha Wanafunzi Mlima Longonot kwa Siku Moja

Vyama vingi vya matembezi vyuoni Nairobi hukimbilia Mlima Kenya muhula ukianza, kwa sababu picha za kilele chake cha Point Lenana, mita 4,985, ndizo zinazovuta wanachama. Anzeni na Longonot. Kilele chake kina mita 2,776 tu, mnaenda na kurudi siku hiyo hiyo, na bado mlima huo humpima mtu sawasawa: kilomita 3.1 kutoka lango la mbuga hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano lililo juu, 7.2 za kuuzunguka ukingo, kisha 3.1 za kushuka. Anayemaliza akiwa bado na nguvu, huyo mnaweza kumfikiria kwa Lenana.

Wiki mbili kabla, pelekeni barua kwa mkuu wa wanafunzi kupitia mlezi wa chama: tarehe, idadi ya watu, namba ya basi, majina na simu za viongozi. Bila barua hiyo, mtu akiumia chuo kitasema hakikuwa na habari.

Hesabu ya pesa ndiyo huzamisha safari nyingi. Basi likiwa na viti 33, gawanyeni kodi yake kwa watu 26, kwa sababu wapo watakaosema wanakuja na Ijumaa jioni hawashiki simu. Fungeni orodha Jumatano saa 12 jioni. Asiyelipa hana kiti, hata akiwa rafiki wa mwenyekiti. Ada ya kiingilio lipieni kundi zima kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa bado chuoni, maana lango halipokei pesa taslimu. Kila mmoja abebe kitambulisho.

Mpeni kila mtu fomu fupi ya afya: pumu, kisukari, seli mundu, dawa anazotumia, namba ya mzazi au ndugu. Swali la pumu msilichukulie kwa wepesi. Longonot ni volkano, na njia yake ina majivu laini; kundi likipita wakati wa kiangazi, wa nyuma hula vumbi la wote waliotangulia. Mwenye pumu atembee mbele, na inhela iwe mfukoni mwake, si kwenye begi lililobaki basini.

Njiani hakuna maji, na kivuli ni haba. Kila mtu abebe lita 3. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo waambieni mapema waje na chupa za kujaza. Viongozi wagawane lita 5 za akiba na pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitafaa. Chakula si shida: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga.

Ondokeni Nairobi saa 11:30 alfajiri ili mfike langoni kama saa 2. Mkianza kupanda saa 2:30, saa 4:15 mko ukingoni, saa 8 mmemaliza kuzunguka, saa 9:30 mko basini. Wekeni saa ya kugeuka na muitangaze kabla ya kuondoka: ambaye hajafika ukingoni saa 6 kamili hazunguki, anapumzika na kushuka na kiongozi mmoja. Lango hufungwa saa 12 jioni, na mteremko wenye changarawe hauchezewi gizani.

Sasa mwendo wenyewe, ambapo mambo huharibika kweli. Wenye miguu myepesi huchomoka dakika kumi za kwanza, kundi linakatika vipande vitatu, na kiongozi hajui nani yuko wapi. Gawanyeni watu 30 katika vikundi vitano vya sita, kila kimoja na kiongozi wake. Anayejua njia awe mbele, naye aende kwa kasi ya kuweza kuongea bila kuhema. Wa mwisho awe kiongozi mwenye subira, filimbi na sanduku la huduma ya kwanza. Yeye hampiti mtu yeyote. Simameni kila dakika 40 na muhesabu watu kwa sauti. Na aliyefika mwisho apewe mapumziko kama wengine. Kosa la kawaida ni wa mbele kuinuka mara tu wa nyuma wanapowasili, hivyo waliochoka zaidi ndio wasiopumzika kabisa.

Mtu akianza kuumwa kichwa, kutapika au kujibu mambo yasiyoeleweka, huyo huenda amezidiwa na jua. Mtafutieni kivuli, hata cha kanga iliyoshikwa na watu wanne, mlowesheni shingo na kwapa, mpepeeni, na mpigieni renja, yaani askari wa mbuga. Kama anajibu ovyo, msimnyweshe kitu kwa nguvu.

Machi hadi Mei njia huteleza, ahirisheni. Wala msibadilishe safari kuwa ya mbuga ya Hell's Gate kwa kuwa iko jirani: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla katika korongo lake yaliua watu saba.

Mkirudi basini, hesabuni watu kabla basi halijawasha injini. Jumatatu mweka hazina atume hesabu zote kwa wanachama, na bandeji zilizotumika zinunuliwe upya wiki hiyo hiyo.