Kufufua injini ya Honda CG125 nyumbani: pima kwanza, ndipo ununue

Kama pikipiki yako ni CG125 ya zamani, au mojawapo ya pikipiki za Kichina zilizoiga injini yake, umepata injini nzuri ya kujifunzia. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki inabeba mizigo, inakula vumbi, na oili inachelewa kubadilishwa. Kamshafti yake, yaani shafti inayofungua valvu, haikai juu kwenye hedi (kichwa cha injini). Iko chini, kwenye tumbo la injini, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili ambazo mafundi wanaziita pushirodi. Kwa hiyo unaweza kutoa hedi, silinda na pistoni, ukarudisha vyote, bila kugusa taimingi, yaani mpangilio wa lini valvu zifunguke. Hakuna cheni ya ndani ya kuvua, wala huna haja ya kushusha injini kwenye fremu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Iringa, si fundi wa karakana. CG ninayoitunza ilikuwa ya baba yangu mdogo, aliyekuwa bwana shamba, na imepita barabara za vijijini ambako kiangazi ukifuata gari huoni mbele. Ninachotaka kukusisitizia ni kimoja: usinunue ringi za pistoni kabla hujapima silinda. Vijana wa bodaboda pale Ipogolo mara nyingi wananunua seti ya ringi, wanatia kwenye silinda iliyokwisha, moshi unapungua kwa muda, halafu unarudi vilevile. Hapo zinalaumiwa ringi kuwa ni feki. Ringi feki zipo kweli, lakini silinda ile hakuna aliyeipima.

Kabla ya kushika spana, soma moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi, na hiyo ni kazi ya kabureta au chujio la hewa lililoziba, usifungue injini kwa ajili yake. Ukiwa ni wa bluu, angalia unatoka lini. Ukitoka kila unapovuta mafuta, hasa kupanda kilima, shuku ringi na silinda. Ukiteremka mlima mrefu kama Kitonga umefunga mafuta, ukafika chini ukafungua na wingu likatoka ghafla kisha likaisha, shuku sili za valvu. Kama unaweza kuazima geji ya kompresheni, pima mara mbili: kavu, kisha baada ya kumwaga kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi. Kompresheni ikipanda sana mara ya pili, hewa inapita kwenye ringi. Isipopanda, angalia valvu.

Vifaa si vingi: seti nzuri ya soketi na spana, bisibisi ya nyota inayokaa vizuri kwenye skrubu, nyundo ya mpira au kipande cha mti, fila geji (majani membamba ya chuma ya kupimia mianya), na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hata kama ni ya kuazima. Fila geji usiikose kabisa. Bei yake ni ndogo, na ndiyo itakayokuokolea fedha kuliko kifaa kingine chochote utakachotumia hapa.

Osha injini nje mpaka ing'ae kabla ya kulegeza nati hata moja. Mchanga unaokaa kwenye mapezi ya silinda ndio utakaodondoka ndani. Mwaga oili ikiwa ya moto kwenye beseni jeupe, uiangalie juani; ukiona chembe zinazometameta kwa wingi, kuna chuma kinachosagika chini na kazi yako imekuwa kubwa zaidi ya hedi na silinda. Toa kabureta, ekzosi, plagi na kifuniko cha roka, yaani mikono midogo inayobonyeza valvu. Zungusha krenki (shafti kuu ya injini) mpaka alama ya T, ya pistoni kuwa juu kabisa, kwenye magneti ikae kwenye alama yake na roka zote mbili ziwe zimelegea. Legeza nati za hedi injini ikiwa ya baridi, kidogo kidogo, kwa mpangilio wa msalaba. Pushirodi zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichoandika “kuingiza” na “ekzosi”, kila moja irudi mahali pake, upande uleule juu.

Hedi na silinda zikigoma kutoka, gonga pembeni taratibu kwa mti. Usichomeke bisibisi kati ya nyuso mbili za aluminiamu. Mkwaruzo mmoja hapo utavujisha oili, na gasketi mpya haitausaidia. Silinda ikianza kupanda, jaza kitambaa safi chini ya pistoni, uzibe tundu lote, kabla hujaitoa kabisa. Klipu ya pini ya pistoni inaruka ikitolewa, na ikizama kwenye tumbo la injini utalazimika kufungua mengi ili kuitafuta.

Pistoni ikishatoka, shika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, uivute juu na kuisukuma chini. Kucheza kidogo kwenda kushoto na kulia ni kawaida. Ikigonga juu na chini, hata kidogo, beringi ya chini imekwisha, na hapo mimi nasimama. Krenki inatenganishwa na kuunganishwa kwa presi na kunyooshwa kwa vipimo ambavyo nyumbani huna. Mpelekee mwenye vifaa hivyo.

Sasa kipimo chenyewe, na huhitaji kununua kitu. Chukua ringi ya juu uliyoitoa, isafishe, iingize ndani ya silinda upande wa chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki injini ikifanya kazi. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isilale. Utaona mwanya pale ncha mbili za ringi zinapokaribiana. Jaribu majani ya fila geji mpaka upate lile linalopita kwa kukwaruza kidogo, uandike namba. Kisha ipandishe ringi hiyohiyo mpaka kama sentimita moja kutoka juu, chini tu ya kile kingo unachokisikia kwa ukucha, upime tena. Juu ndiko joto na vumbi vinakula, kwa hiyo ndiko silinda inalika zaidi.

Toa namba ya chini kwenye namba ya juu, ugawanye kwa 3.14. Mwanya unakua kwa kadiri mzingo wa silinda unavyokua, na mzingo ni kipenyo mara pai. Ndiyo hesabu ileile ya kidato cha kwanza. Tuseme chini umepata 0.40 mm na juu 0.75 mm. Tofauti ni 0.35, gawanya kwa 3.14, unapata 0.11 mm. Silinda hiyo, ambayo ikiwa mpya ina kipenyo cha 56.5 mm, imepanuka juu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Imekwisha. Ringi mpya humo ni fedha za kutupa. Ukipata chini ya 0.05 mm, na kuta hazina mikwaruzo ya kusimama inayokwama kwenye ukucha, unaweza kuipitisha honi (mawe ya kukwaruza kuta za silinda) na kutia ringi mpya. Ikiwa katikati ya hapo, mimi naipeleka kwa fundi ikachongwe, yaani ipanuliwe ikae pistoni kubwa zaidi, kwa sababu gasketi na jasho ni vilevile ukifungua mara ya pili. Njia hii haikuambii kama silinda imekuwa ya mviringo uliobonyea. Hilo litaonekana kwa bore geji, kipimo cha kipenyo cha ndani, cha fundi wa leithi.

Kama ni ya kuchongwa, nunua pistoni kwanza. Zinapatikana saizi za kuongeza 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm, na namba imeandikwa juu ya kichwa chake. Ukiwa Dar, zunguka Kariakoo na Gerezani. Ukiwa Nairobi, Kirinyaga Road. Mpelekee fundi silinda pamoja na pistoni yenyewe, umwombe apime sketi (sehemu ya chini) ya pistoni kwa maikromita ndipo achonge. Fundi anayetaka kuchonga kwa kusoma namba ya boksi tu, chukua silinda yako uende kwingine. Mwambie pia amalize kwa honi, uone mistari inayopishana kwenye kuta; hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi.

Ukifika nyumbani, ioshe silinda kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi, kwa nguvu zako zote. Petroli pekee haitoshi, kwa sababu inaondoa oili na kuuacha unga wa jiwe la honi ndani ya mistari. Kausha, kisha pitisha kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka na kijivu, rudia. Rudia mpaka kitoke cheupe. Mara tu ukimaliza paka oili, maana chuma kitupu kinaanza kutu hapohapo ukikiangalia.

Kwenye hedi, toa valvu na usafishe masizi. Zisage kwa gurundi pesti, dawa ya kusagia valvu, mpaka uone mkanda wa kijivu, mwembamba na usiokatika, kwenye valvu na kwenye kiti chake. Osha pesti yote, weka sili mpya, funga springi, kisha mimina petroli kwenye tundu la kuingizia na la ekzosi, usubiri. Ikichuruzika upande wa plagi, saga tena. Ukiwa unaosha, fungua pia kifuniko cha upande wa klachi. CG haina filta ya oili ya kubadilisha. Ina wavu na kikombe kwenye ncha ya krenki kinachotupa uchafu pembeni kwa kuzunguka. Kwenye pikipiki ya zamani kikombe hicho kinajaa tope jeusi gumu. Likwangue lote.

Kabla ya kuvisha ringi mpya, pima mwanya wake ndani ya silinda. Uwe kati ya 0.15 na 0.35 mm. Ringi ambayo ncha zake zinagusana itakwama injini ikipata joto. Herufi ndogo kwenye ringi hutazama juu, na mianya ipangwe ikigawana mzunguko, isifuatane. Neno IN kwenye kichwa cha pistoni hutazama upande wa kabureta. Klipu za pini ziwe mpya, na mdomo wa klipu usikae kwenye kijitundu cha kuitolea klipu. Ukishaifunga, izungushe kidogo kwa kidole uhakikishe imezama kwenye mfereji wake wote.

Gasketi mpya, oringi mpya, pini za mwongozo mahali pake, kisha kaza nati za hedi kwa msalaba, kwa hatua tatu, kwa kiwango cha kitabu cha modeli yako. Seti valvu injini ikiwa ya baridi, kwenye T, roka zote zikiwa zimelegea: 0.08 mm, kuingiza na ekzosi. Chujio la hewa lililochanika libadilishe siku hiyohiyo. Vumbi lililomaliza silinda ya kwanza litaimaliza na hii.

Tia oili ya madini, 20W-50 au 20W-40, yenye alama ya JASO MA, ya oili inayofaa klachi ya pikipiki, kwa kuwa klachi inaogelea humohumo. Plagi ikiwa nje, piga kiki mpaka uone oili inafika kwenye roka. Ikiwaka, usiiache ikinguruma bure kwa muda mrefu. Itoe barabarani, panda na shuka mwendo, bila abiria, bila gunia, bila kuivuta mpaka mwisho. Moshi mwepesi mwanzoni ni oili uliyopakaa. Mwaga oili ya kwanza mapema, baada ya kama kilomita 100, na endelea kuibeba kwa upole mpaka 500. Hapo, injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko cha roka upime valvu upya, maana gasketi itakuwa imeshakaa na mwanya utakuwa umebadilika.