Namna ya Kusikiliza na Kujadili Albamu za Jazi kwa Pamoja

Kikao cha wapenzi wa jazi hakihitaji ukumbi wala vyombo vya gharama. Sebule moja ya Mji wa Kale au Kizingo, Mombasa, spika mbili zinazolingana na watu watano au sita wanaojua kunyamaza vinatosha. Vikao vingi huharibika kwa sababu kila mtu huja na albamu tatu, zikaonjwa wimbo mmoja mmoja, na mazungumzo yakaishia kwenye kauli za "hii kali" na "hiyo ya kawaida". Kubalianeni mapema kwamba kila jioni ina albamu moja, itakayosikilizwa yote, na kwamba aliyeileta ndiye atakayetangulia kusema kwa nini anaipenda. Wakati unaofaa ni baada ya sala ya isha, kwani hapatakuwa na haja ya kuzima muziki kwa ajili ya adhana, na joto huwa limepungua kiasi cha kuweza kufunga madirisha ili kelele za tuktuk zibaki nje.

Upande mmoja wa santuri huchukua takriban dakika 20, muda ambao watu wanaweza kukaa kimya bila kuchoka. Kahawa chungu na kashata zipite santuri inapogeuzwa, na wanaocheza muziki kutoka kwenye simu wasimamishe pale pale.

Mjadala wenyewe uwe na sharti moja: anayetoa maoni aonyeshe mahali. Atakayesema kwamba kinanda kimemgusa aombe kipande hicho kirudiwe, wenzake wakisikie. Chukua Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York mwaka 1959, albamu ambayo kila mtu huisifu na wachache huweza kueleza kwa nini. Katika wimbo wa kwanza kinanda ni cha Bill Evans. Katika wa pili, na huo peke yake, anakaa Wynton Kelly. Chezeni kinanda cha wimbo mmoja kisha cha mwingine, mfuatane, halafu mwulizane ni yupi anayeacha nafasi kubwa zaidi kati ya sauti na ni yupi anayekufanya utikise mguu. Hapo hata mgeni wa jazi ana la kusema. Na kabla hamjabishana kuhusu mwendo wa nyimbo, ulizaneni ni toleo gani mnalo, kwa maana nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitolewa zikienda kasi kidogo kuliko zilivyopigwa, na kosa hilo halikusahihishwa hadi matoleo ya miaka ya 1990.

A Love Supreme ya mpiga saksafoni John Coltrane, iliyorekodiwa Desemba 1964, inadai utaratibu tofauti. Ndani ya jalada lake mlichapishwa shairi la kumshukuru Mungu, na katika sehemu ya nne saksafoni inalighani shairi hilo silabi kwa silabi, bila mtu kufungua kinywa. Mpeni jalada mmoja wenu alifuatishe kwa kidole huku muziki ukicheza. Aliyekulia kwenye kasida atatambua upesi pumzi inakatwa wapi.

Kwa wenye masikio ya taarabu, ninapendekeza mwanzie Jazz Sahara ya mwaka 1958. Kiongozi wake, Ahmed Abdul-Malik, aliyekuwa mpiga besi wa mpiga kinanda Thelonious Monk, alikusanya udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla na saksafoni ya Johnny Griffin. Mimi huona saksafoni ndiyo inayositasita humo, ilhali kanuni imetulia, lakini hilo ni suala la kubishaniwa, na mzee aliyepiga udi harusini ana haki ya kusikilizwa kuliko mwenye santuri nyingi. Akija na santuri ya bendi ya Morogoro Jazz kwapani asirudishwe, ingawa hilo ni dansi na litahitaji jioni yake.

Kuazimana ndiko kunakozua ugomvi. Andikeni jina la aliyeazima na tarehe ya kurudisha, na mwenye mali akague santuri mbele ya mwazimaji, chini ya taa, kabla haijatoka mlangoni. Hewa ya pwani yenye unyevu huotesha ukungu kwenye majalada, hivyo santuri zisimamishwe wima mbali na ukuta unaovuja, na iliyopata ukungu ikae peke yake mpaka isafishwe.