Somo: Kupandisha mashine ya boti na kuirudisha nyuma

Boti nyingi za faiba zinakimbia chini ya uwezo wake kwa sababu mashine imezama mno. Fundi aliipachika, ikawaka, ikaachwa hapohapo. Kabla hujanunua propela mpya, pima kimo.

1. Boti ikiwa nchi kavu, simamisha mguu wa mashine wima. Nyoosha ubao chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) hadi ufike kwenye mashine. Lile bamba bapa lililo juu ya propela lianze usawa mmoja na ubao huo.

2. Pakia kama siku ya kazi: mafuta, barafu, watu. Boti tupu inadanganya. Bahari ikiwa shwari, fungua moto wote, soma kasi kwenye GPS ya simu, kwenda na kurudi, maana mkondo nao unasukuma.

3. Pandisha kama sentimita 2, rudia jaribio. Mashine kubwa unaihamishia tundu jingine la bolti. Ile ndogo ya kubana kwa skrubu, iwekee kipande cha mbao ngumu juu ya ubao wa tezi, yaani ubao wa nyuma ya boti unaobeba mashine. Ila vile vikombe vya skrubu vishike ubao kamili, visikae ukingoni. Na kamba ya usalama usiisahau.

4. Tazama mchirizi wa maji ya kupoza. Ukidhoofika, shusha hatua moja, hata kama kasi imekupendeza. Hapo hakuna mjadala.

5. Kurudisha mashine nyuma kwa fremu, yaani kifaa kinachoiweka mbali kidogo na ubao wa tezi, kuje mwisho. Maji yakishatoka chini ya boti huinuka kidogo, kwa hiyo mashine iliyo nyuma zaidi inavumilia kupandishwa zaidi: takriban sentimita 2.5 kwa kila sentimita 25 za kurudi nyuma. Lakini uzito unahamia tezini, omo (mbele ya boti) inanyanyuka, na ubao wa tezi unabeba mzigo mkubwa zaidi. Ugonge kwanza kwa nyundo. Ukitoa mlio mzito kama wa mbao iliyolowa, acha.

MASWALI

Mkuu, nikikata kona mashine inapiga kelele na boti inapungua kasi. Propela imekufa?
– Huenda inameza hewa. Shusha hatua moja kwanza. Ikiendelea hata kwenye mstari ulionyooka, kagua mpira wa ndani ya propela.

Mtumbwi wangu wa dagaa, Ziwa Victoria, mashine ya farasi 15. Niweke fremu?
– Hapana, kaka. Mtumbwi mzito wa mbao haupandi juu ya maji, hutaona faida. Bamba liache sentimita chache chini ya mtumbwi.

Nimeuziwa mashine ya mguu mrefu, ubao wangu ni wa mguu mfupi.
– Tofauti ni inchi 5: mguu mfupi ni 15, mrefu ni 20. Kipande cha mbao hakitoshi hapo. Jenga ubao upya, au ibadilishe kabla muuzaji hajazima simu.