Wiki tisa za mwanzo: kuwatunza samaki wa tangi jipya kwenye baridi ya Mbeya

Siku ya tisa niliwakuta samaki wangu wa dhahabu wote wanne juu ya maji, midomo nje, wanahema. Ilikuwa saa moja asubuhi, ndiyo kwanza nafungua saluni hapa Mwanjelwa, na maji yalikuwa meupe kiasi kwamba ungesoma kalenda iliyo ukutani nyuma ya tangi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Maji machafu najua yanaua. Haya yalikuwa yanang'aa.

Nikafanya wanachofanya wengi. Nilimwaga maji yote, nikasugua vioo, nikachukua sponji ya chujio nikaikamua chini ya bomba mpaka ikatoka nyeupe kama siku niliyoinunua. Kabla ya adhuhuri samaki wawili walikuwa wamekufa. Wawili waliobaki ndio ninaoandika habari zao hapa, maana wapo mpaka leo, na nimeshajua nilichowafanyia.

Samaki anatoa amonia, na nyingi hutokea kwenye matamvua anapopumua, si kwenye kinyesi peke yake. Chakula kilichobaki kikioza, nacho kinatoa amonia. Amonia ni sumu, haina rangi, na ikiwa kidogo hata harufu huisikii. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoila na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Wapo bakteria wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaivumilia, mradi uwe unabadilisha maji mara kwa mara. Bakteria hawa hawaogelei ovyo. Wanang'ang'ania kwenye sponji, kokoto na vioo. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Sponji niliyoikamua ilikuwa na wachache wa siku tisa, nami nikawaua kwa maji ya bomba yenye dawa, ile ile klorini iliyowekwa kuua vijidudu. Kwa hiyo wiki za mwanzo unafuga viumbe wawili: samaki unaowaona na bakteria usiowaona. Ukiwasahau hawa wa pili, wale wa kwanza hawatapona.

Sasa hapa kwetu kuna jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hatakwambia. Bakteria hawa wanapenda joto, na kasi yao ni nzuri maji yakiwa nyuzijoto 25 hadi 30. Maelezo mengi yanasema tangi hukomaa kwa wiki nne hadi sita. Mimi nilianza mwanzoni mwa Juni, wakati usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, na maji ya tangi yalikuwa 16 nikifika asubuhi. Ilinichukua wiki tisa. Ukianza Juni au Julai bila hita, usihesabu wiki za watu wa pwani. Halafu huku tuko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanashika oksijeni pungufu karibu moja ya tano kuliko maji ya joto lile lile kule chini. Ndiyo maana pampu ya hewa kwangu si pambo. Inafanya kazi usiku na mchana.

Tangi langu alilitengeneza fundi wa vioo na alminiamu: urefu sentimita 80, upana 35, kimo 40. Nikilijaza mpaka sentimita 36 linachukua lita 100, yaani ndoo kubwa tano. Hesabu ya ndoo ishike vizuri, utaitumia kila siku. Chujio ni sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, rahisi na ya kuaminika. Pampu iweke juu zaidi ya usawa wa maji, kwa sababu umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kupitia mpira mpaka ndani ya pampu. Na kama una saluni kama mimi, ipeleke chumba cha nyuma na utumie mpira mrefu. Pampu inavuta hewa iliyopo, na kama hewa hiyo ina spreyi ya nywele, spreyi inaingia majini. Nyumbani, jihadhari vivyo hivyo na dawa ya mbu.

Samaki wangu wa dhahabu walitoka Dar kwa basi, zaidi ya kilomita 800, ndani ya mifuko iliyojazwa oksijeni. Mfuko wa safari ndefu una mtego wake. Hewa chafu wanayoitoa samaki huyafanya maji ya mfuko kuwa na uchachu, yaani asidi, na uchachu huo huipunguzia amonia makali. Ukifungua mfuko, hewa inatoka, uchachu unapungua, na amonia iliyojikusanya safari nzima inakuwa kali ghafla. Kwa hiyo uache mfuko uelee kwenye tangi dakika 15 hadi 20 ukiwa umefungwa, joto lilingane. Ukishaufungua, usikawie: watoe samaki kwa wavu mdogo uwatie tangini, maji ya mfuko mwaga nje. Siku hiyo usiwape chakula.

Wiki hizi za mwanzo wasizidi wawili wadogo kwa lita 100. Wanne walikuwa wengi, tena samaki wa dhahabu anachafua maji kuliko gapi, yule samaki mdogo wa mapambo. Ila gapi anataka joto la nyuzi 24 hivi, na bila hita hapa atateseka. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wazuri ajabu, na Kyela si mbali, lakini usianze nao. Maji yao ya asili hayana uchachu, na katika maji ya namna hiyo amonia inakuwa kali zaidi. Wasubiri tangi likomae.

Kulisha ndiko kunakookoa au kuua. Wiki hizi wape mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika moja, na kipimo cha amonia kikipanda acha kabisa siku moja au mbili. Samaki wa dhahabu mwenye afya hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Nilikuwa na mteja anayesukwa rasta, kazi ya saa nne, akaja na bintiye wa miaka mitano. Mtoto akaniita, "Shangazi, hawa wana njaa!" Nilipogeuka, nusu ya andazi lake ilikuwa imeshafikichwa ndani ya maji. Kesho yake asubuhi amonia ilikuwa imetoka 0.25 hadi 1 (namba zote hizi ni miligramu kwa lita). Tangu siku hiyo tangi lina kifuniko, na watoto nawapa kazi ya kuhesabu mapovu.

Vipimo hivyo ni vya matone, niliviagiza Dar. Unachukua maji kwenye kichupa, unadondosha dawa, unalinganisha rangi. Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu baada ya pampu, nunua hiki, kipime amonia na nitriti. Mimi napima kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Amonia au nitriti ikiwa 0.25, nabadilisha ndoo moja. Ikifika 0.5, ndoo mbili na nusu, yaani nusu ya tangi, siku hiyo hiyo. Ile 1 ya andazi ilinitoa jasho: nusu asubuhi, nusu tena jioni. Kubadilisha maji hakuwaondoi bakteria, maana wengi hawaelei majini. Wanabaki kwenye sponji, na amonia kidogo inayobaki inawatosha kula.

Maji ya kuongeza yaandae jana yake. Nayaweka kwenye ndoo zenye mdomo mpana saa 24, jiwe la hewa likiwa ndani, klorini ipungue. Kisha naongeza matone ya kuondoa klorini kwa usalama zaidi. Dumu lenye shingo nyembamba halifai kwa hili. Asubuhi ya baridi maji hayo ni kama barafu, kwa hiyo chemsha birika, changanya kidogo kidogo mpaka kipimajoto kisipishane na tangi zaidi ya nyuzi mbili. Wenzangu wa Tukuyu mnaokinga mvua: maji yenu hayana klorini, ila hayana pia madini ya kuzuia uchachu, na maji yakichacha sana bakteria wanagoma kazi. Changanyeni na ya bomba au ya kisima.

Wiki ya nne amonia ilianza kushuka nikafurahi, kumbe nitriti ndiyo inapanda. Nitriti inaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni; samaki anahema hata kama pampu inachemka mapovu. Nilimtazama mmoja alipofungua kifuniko cha shavu: matamvua yaliyotakiwa kuwa mekundu yalikuwa na rangi ya chokoleti. Dawa yake iko jikoni. Chumvi ya kawaida, gramu 1 kwa lita 10, inaizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Kwa tangi langu ni gramu 10, kama vijiko viwili vya chai visivyojaa, iliyoyeyushwa kwanza kwenye jagi na kumiminwa taratibu. Chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo unaporudisha maji weka theluthi ya kijiko kwa kila ndoo mpya, si zaidi. Na kubadilisha maji kuko pale pale.

Umeme ukikatika, chota maji kwa jagi na uyamwage tena kutoka juu, dakika mbili kila nusu saa. Usilishe mpaka urudi. Sponji iache ndani ya maji.

Kama una rafiki mwenye tangi la zamani na samaki wenye afya, mwombe kipande cha sponji yake chafu. Kibebe kikiwa kimelowa, kiingie tangini kwako siku hiyo hiyo. Ningelijua hili mapema, ningeokoa wiki kadhaa. Na sponji yako ikiziba, ikamue polepole ndani ya ndoo ya maji uliyotoa tangini. Bomba lisiiguse.

Wiki ya tisa amonia ilisoma 0, nitriti 0, na nitrati 20. Nikaendelea kupima siku saba zaidi huku wakila kama kawaida, zikabaki sifuri. Sasa nabadilisha ndoo moja na nusu kila Jumapili, chumvi inatoka yenyewe kidogo kidogo. Samaki wa tatu nilimwongeza peke yake, nikapima tena kila asubuhi kwa wiki mbili. Wa nne bado sijamleta. Hawa watatu wanakua, na lita 100 zimeanza kuwabana.