Kupima upitishaji joto wa aloi ya silikoni na jerimaniamu kwenye umbali mdogo

Silikoni safi kwenye joto la chumba hupitisha wati 148 hivi kwa mita kwa kelvini. Ukiichanganya nusu kwa nusu na jerimaniamu, unabaki na chini ya 10. Wengi husema aloi imeshadhoofika kiasi hicho, kuifanya nyembamba hakutaongeza hasara. Sivyo. Mchanganyiko wa atomi nzito na nyepesi hutawanya fononi (mawimbi ya mtetemo wa atomi yanayobeba joto) kwa frikwensi kipeo cha nne: frikwensi ikiwa mara mbili, mtawanyiko unakuwa mara 16. Fononi za frikwensi ya juu hukwama mapema, na joto hubebwa na zile za chini, ambazo nyingine husafiri zaidi ya mikroni moja bila kugongana. Nafasi ikibana, hizo ndizo zinazoumia. Hapa tutazinasa kwa leza ya mipigo mifupi: mwali mmoja unapasha, wa pili unasoma.

1. Paka alumini juu ya sampuli. Nanomita 80 zinatosha. Sampuli yenyewe iwe na unene wa mikroni kadhaa.

2. Pima unene wa alumini, na usiharakishe. Mpigo wa leza huzaa mwangwi ndani ya alumini. Sauti humo hukimbia nanomita 6.42 kwa pikosekunde, hivyo kwa nanomita 80 mwangwi hurudi kwenye pikosekunde 25 hivi. Kosa la asilimia 5 hapa hufika karibu asilimia 10 kwenye jibu la mwisho.

3. Chagua frikwensi za kupasha, yaani mara ngapi kwa sekunde mwali wa kupasha huwashwa na kuzimwa (si frikwensi za fononi). Joto huzama kina kinachotegemea frikwensi: gawanya kasi ya msambao wa joto (upitishaji ukigawanywa kwa joto ambalo kila ujazo huhifadhi) kwa π mara frikwensi, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa aloi inayopitisha wati 8 kwa mita kwa kelvini, megahezi 0.1 inakupa mikroni 4 hivi, megahezi 1 mikroni 1.2, na megahezi 10 mikroni 0.4. Huo ndio mkanda wako wa kupimia. Doa la leza liwe na nusu kipenyo cha mikroni 15 hivi, joto lishuke chini tu bila kutambaa pembeni.

4. Rekebisha fezi, yaani mpishano wa wakati kati ya upashaji na ishara inayosomwa. Mwali wa kusoma unapovuka sufuri ya ucheleweshaji (unapofika pamoja na ule wa kupasha), ishara ya ndani ya fezi, inayokwenda sambamba na upashaji, huruka. Ile ya nje ya fezi, inayopishana nao kwa robo mzunguko, isitikisike. Ikitikisika, zungusha fezi ya amplifaya (kifaa kinachosoma ishara hizo) hadi itulie. Rudia kwa kila frikwensi.

5. Anza na silikoni safi. Kwa doa pana kama hili, jibu lake lisibadilike na frikwensi. Likibadilika, kagua mitambo kwanza. Aloi haina kosa.

6. Sasa pima aloi. Linganisha uwiano wa ishara mbili, ya ndani na ya nje ya fezi, na modeli ya matabaka (hesabu ya jinsi joto linavyopita kwenye alumini na sampuli), kila frikwensi peke yake. Upitishaji utashuka kadiri frikwensi inavyopanda. Yee Kan Koh na David Cahill wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha matokeo ya aina hii mwaka 2007: aloi zilishuka, silikoni safi haikushuka. Maelezo yao ni kwamba fononi zenye safari ndefu kuliko kina cha joto hazihesabiki kwenye kipimo.

7. Andika jibu pamoja na kina chake. Thamani ya megahezi 0.1 usimpe mtu anayebuni transista yenye tabaka la nanomita 100. Atakadiria joto la kifaa chake chini kuliko lilivyo.