Kabla hujalipia jora la "pamba asilia"
Wenye chapa za nguo, mkiambiwa dukani kitambaa ni pamba tupu, ombeni kwanza kipande kidogo. Chomoa nyuzi za mtande (za urefu), kisha za mshindio (za upana), uzichome mbalimbali, maana kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta inajikunja, inayeyuka, halafu inaganda kuwa kishanga kigumu cheusi. (Shika uzi kwa kibano, si kwa vidole!)

Ila kiberiti hakimalizi kazi. Viskosi (nyuzi za kiwandani zitokanazo na massa ya mimea) nayo inanuka karatasi ikiungua, na kile kinachoitwa kitambaa cha mianzi kwa kawaida ni viskosi hiyohiyo, iliyopitishwa kwenye kemikali kali. Mwaka 2022 huko Marekani, Walmart na Kohl's zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 5.5 kwa madai ya kuuza viskosi kwa jina la mianzi.

Kwa pamba hai (iliyolimwa bila mbolea na dawa za kemikali), usiridhike na cheti cha GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za nyuzi hai, kilichobandikwa ukutani. Hicho kinahusu kiwanda. Dai cheti cha muamala, kinachotaja mzigo wenyewe. Daraja la juu la GOTS linataka nyuzi hai zisizopungua 95%, la pili 70%. Muuzaji wa rejareja mara nyingi hana karatasi hiyo. Akikosa, nunua ukipenda, lakini kwenye lebo yako andika "pamba" tu.