Chora mwenyewe grafu ya propani na mafuta mazito, usikariri

Wadau mnaosoma petroli hapa UDOM na kwingineko, hii mada ya propani na mafuta mazito kuwa kimiminika au mvuke kadiri presha inavyobadilika, watu wanaikariri mchoro mzima halafu mtihani ukibadilisha kiyeyushi (hapa ni propani) tu wameisha. Chora mwenyewe, sio kazi.

Anza kwa kuchagua joto moja na usiliguse tena, tuseme 25°C. Mstari wa chini uwe kiasi cha propani, wa kusimama uwe presha. Kulia kabisa, propani tupu, weka nukta kwenye 9.5 bar hivi, hiyo ndo presha ya mvuke wake kwa hilo joto. Kushoto kabisa ni mafuta matupu, weka karibu na sifuri maana mafuta mazito kama lami hayavukizi kirahisi. Sasa toka kushoto panda: juu ya mstari ni kimiminika kimoja, chini yake mafuta yanakaa pamoja na mvuke.

Penye utamu ni hapa. Ukizidi kuongeza propani mstari unaacha kupanda, unalala karibu kabisa na ile 9.5, na juu yake kimiminika kinagawanyika viwili, kimoja kizito kimebeba asfaltini (ile sehemu nzito kabisa ya mafuta), kingine chepesi kimejaa propani. Kwa nini ulale? Vitu viwili (propani na mafuta) vikiwa na hali tatu kwa pamoja, yaani vimiminika viwili na mvuke, joto likishafungwa presha nayo haina uhuru tena. Mafuta halisi yana vitu kibao kwa iyo hayalali sawasawa, ila kwa kuchora inatosha. Na asfaltini ndo wakorofi wenyewe, kwenye kiyeyushi kama toluini wanayeyuka vizuri tu, kwenye pentani wanajitenga na kudondoka, kwenye propani wanadondoka zaidi.

Ukiwa maabara angalia geji, yenyewe haihesabu presha ya hewa. Dodoma tuko juu mita 1,100 na ushee, so jumlisha kama 0.89 bar, sio 1.01 ya Dar. Geji ikisoma 8.6 ndo uko kwenye ule mstari uliolala. Na usijaribu nyumbani na mtungi wa jikoni, propani ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini ikisubiri kiberiti.

Alafu kuna wanaochomekea EACOP humu, lile bomba la mafuta ghafi toka Uganda mpaka Tanga, hapana, yale mafuta yanapashwa joto ili nta yake isiyagandishe, sio mambo ya propani.

Swali likikupa joto la kupita 96.7°C, propani tupu haiwi kimiminika hata uikandamize vipi, ile nukta ya kulia haipo tena. Butani inavumilia mpaka 152°C, ila kwa 25°C nukta yake inashuka mpaka kama 2.4 bar.